Sekunde Kumi za Ukurasa wa Bluu

Wapendwa, kulikuwa na fundi kompyuta mmoja, fundi kweli kweli, sifa zake zimevuka mitaa mitatu. Tatizo lake lilikuwa moja: neno "sijui" lilimkaba kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatano moja mama fulani akamletea kompyuta yake inayotumia mfumo wa Linux. Jumamosi ndugu zake walikuwa wanakuja kumkumbuka mama yao marehemu, na video pekee ya marehemu akiongea ilikuwa humo. Ila picha ilikwamakwama, sauti inatangulia, mdomo unafuata. Fundi akapachika kadi mpya ya picha, akaweka na draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Kompyuta ikamtaka atunge nywila. Akatunga. Ikajizima, ikawaka, ukatokea ukurasa wa bluu umejaa Kiingereza, na sekunde zinahesabika: kumi, tisa, nane...

"Fundi, hapo inasema nini?" mama akauliza.

Jamani, hakujua! Kiingereza chake kiliishia kwenye majina ya vifaa. Akabonyeza "endelea" upesi upesi. "Hizo ni salamu tu, mama. Usijali."

Video ikakwama vilevile. Akaifuta draiva, akaiweka upya. Ukurasa ukarudi, akaupita. Mara nne! Mtaa wa pili alikuwepo fundi mwenzake anayekisoma Kiingereza vizuri. Je, alimwendea? Thubutu! Ijumaa akaing'oa kadi, akamkabidhi yule mama, akamwambia, "Kadi hii imeungua."

Jumamosi wanandugu wakaimba, wakaomba, wakatawanyika bila kuiona video. Jumatatu mama akarudi na ile kadi mkononi. "Umehangaika sana, fundi. Chukua, huenda ukapata vipuri." Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma.

Alipoondoka, fundi akaipachika kadi kwenye kompyuta yake mwenyewe, nayo ya Linux, akaweka draiva, akatunga nywila. Ukurasa wa bluu huo! Safari hii hapakuwa na wa kumtazama. Akabonyeza kitufe, sekunde zikasimama, akachukua simu akatafsiri neno kwa neno. Kumbe kompyuta ilikuwa inauliza tu: draiva hii ngeni, unaidhamini? Kama ndiyo, weka ile nywila yako. Akaiweka. Picha ikatiririka bila kukwama. Kadi nzima kabisa, naye ameisingizia kifo! Aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

Akaenda kwa yule mama, akasema yote, macho chini.

"Dada yetu mkubwa alisafiri siku mbili aje amwone mama akiongea," yule mama akasema. "Ameshapanda basi, amerudi. Ungeniambia hujui, fundi, ningemtafuta anayejua."

Mnamwonea huruma fundi? Na sisi je? Wangapi humu tumeulizwa habari za ndoa, za dawa, za Neno la Mungu, tukajibu tusichokijua ili heshima isipungue? Hata mimi niliyesimama hapa nimo. Kusema "sijui" kungemchukua fundi sekunde moja, na kompyuta ilimpa kumi. Basi wiki hii mtu akikuuliza usilolijua, mwambie hujui. Mwambie mapema, dada yake angali hajapanda basi.