Pedi Alizochagua Medadi

"Breki ya uwanjani huamka gari limeshapita."

Maneno hayo yalisemwa jikoni na mama wa Debora na Tito, mara tu Mjomba Onesmo alipoaga na kuondoka. Mjomba alikuwa amekuja na mkungu wa ndizi, jogoo na machozi mengi, kumjulia hali Bibi Veneranda. Lakini Bibi alikwisha toka hospitali siku nyingi. Alipokuwa amelazwa, Mjomba hakuonekana hata mara moja.

Vijana wale wawili wakaenda sebuleni kwa Bibi kuuliza. Breki inaamkaje? Tangu lini breki ikalala?

Bibi Veneranda alivuta blanketi hadi mabegani. "Methali hiyo ilitoka kinywani mwa mama yangu mzazi," akasema, "na siku hiyo mimi nilikuwapo. Kaeni niwaambie ilivyozaliwa."

Dada yangu Sekunda alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Medadi, fundi umeme wa majumba hapa hapa Iringa. Barua ya posa ilikuwa imepokelewa ila haijajibiwa. Baba alikwisha fariki, kwa hiyo jibu lilikuwa la mama, na mama hakuwa mtu wa haraka. Kila Sekunda alipomuuliza, alijibu vile vile: "Kijana ana adabu, sikatai. Lakini namwona siku za sikukuu tu. Sijamwona siku ya Jumatatu."

Medadi alikuwa na gari dogo la milango miwili, la chini, lenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Siku za kazi alilifunga ngazi juu ya paa akaenda kutandaza nyaya kwenye nyumba za watu. Watu walicheka wakiona gari la mbio limebeba ngazi. Jumapili za mashindano aliishusha ngazi, akaenda kwenye autokrosi. Mnaijua autokrosi? Ni uwanja wa vumbi, wamepanga koni, kila gari linaingia peke yake na kuzunguka mara kadhaa huku saa ikihesabu. Ukigonga koni unaongezewa muda. Medadi aliipenda mno. Mashindano ya mwezi Mei breki zilimchokea katika mzunguko wa mwisho, akakanyaga mpaka mguu ukagusa sakafu, na kombe likaenda kwa mwingine. Hilo lilimuuma.

Basi yalipokaribia mashindano ya Julai alikwenda kwa Fundi Kizito, rafiki yake, kuchagua pedi mpya za breki za mbele. Kizito alimwekea aina tatu mezani.

"Hizi ni za barabarani," Kizito akasema. "Asubuhi na baridi yetu hii, ukikanyaga zinashika hapo hapo. Ila ukizikimbiza sana zitanuka, halafu zitakuacha kama zilivyokuacha Mei."

"Na hizi?"

"Hizo ni za mashindano. Zikishapata moto, utadhani umelifunga gari kwenye mti. Zikiwa za baridi, ni kama umeweka vipande vya ubao."

"Na hizo za tatu?"

"Za mwenye gari moja kama wewe. Uwanjani zitachoka mapema kidogo, mjini zitashika. Hazikupi kombe, hazikupi aibu."

Medadi akacheka. "Kizito, wewe umewahi kuona nani anapigiwa makofi kwa kukosa aibu?"

"Haya, chukua za mashindano. Lakini Jumapili jioni uniletee gari nikurudishie za zamani. Usitembee nazo mjini."

"Nitaleta, ndugu yangu."

Jumapili ile tulikwenda wote kutazama, isipokuwa mama. Kabla ya zamu yake, Medadi alilipeleka gari mbele na nyuma pembeni mwa uwanja, anakimbiza, anakanyaga, anakimbiza, anakanyaga, mpaka magurudumu yakatoa harufu kali. Alipoingia, wanangu, lile gari lilikuwa likisimama mahali anapotaka yeye. Hakugusa koni hata moja. Alichukua kombe, wakambeba juu juu, wakampiga picha, wakaenda kula nyama mpaka giza likaingia. Karakana ya Kizito ilikwisha fungwa. Medadi akasema moyoni, si neno, asubuhi nitazipasha moto mwenyewe, kama nilivyofanya leo.

Alipofika nyumbani alikuta ujumbe. Mama alikuwa anakwenda kliniki ya macho kesho yake asubuhi, na aliomba Medadi ampeleke.

Sote tulielewa. Hii ndiyo Jumatatu yenyewe. Sekunda alifua shati la Medadi kwa mkono wake na kulikausha kwa pasi.

Asubuhi ilikuwa ya Julai hasa, ukungu umelala juu ya mwamba wa Gangilonga na pumzi za watu zinaonekana. Medadi alikuja mapema. Njiani alikuwa amezipasha breki vizuri, na kama tungeondoka papo hapo pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini mama alikuwa anakunywa uji, na uji wa mama ulikuwa mrefu. Gari likasimama nje kwenye baridi likapoa.

Tulipotoka, mama alikataa kiti cha mbele. "Nikae bega kwa bega na anayetaka kuwa mkwe wangu? Watu watasema nini?" Akajikunja, akapenya hadi kwenye kiti cha nyuma ambacho hata mbuzi angekilalamikia. Mimi niliyekuwa nimsindikize nikakaa mbele.

Hapo ndipo Medadi alipokwama. Ili kuzipasha breki zile, ilimpasa akimbize gari na kukanyaga ghafla, mara nyingi. Na nyuma yake amekaa mama mkwe. Kwetu, mkwe humtazami usoni, husemi naye kwa sauti ya juu, sembuse kumrusha huku na huko kama gunia la viazi. Jana yake alijua kupasha breki mbele ya watu wote. Leo adabu ilimzuia. Na adabu hiyo hiyo ilimfunga mdomo asimwambie kwamba gari haliko sawa. Akaingiza gia ndogo, akateremka mdogo mdogo, mguu hauigusi breki.

"Shemeji," nikamnong'oneza, "leo unaendesha kama umebeba mayai."

"Nimebeba zaidi ya mayai, shemeji. Nyamaza."

Tulipokata kona ya chini, mbele yetu mwuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, alikuwa anavuka barabara akisukuma baiskeli yenye madumu yake. Medadi akakanyaga. Gari likaendelea. Akakanyaga kwa nguvu zote, na gari bado linakwenda kana kwamba halikusikia. Mwuza ulanzi akageuka, akaganda katikati ya njia.

Medadi alivuta breki ya mkono na kuzungusha usukani. Nyuma ya gari ikaruka pembeni, tukazunguka, tukampita yule mtu karibu kiasi kwamba kioo cha pembeni kiliangusha dumu moja. Tuliposimama, tulikuwa tunatazama tulikotoka. Ulanzi ulikuwa unatiririka barabarani, na mwenyewe amekaa chini, mzima, mikono kichwani.

Watu waliokuwa wanakwenda kazini wakapiga makofi. "Bingwa! Jana uwanjani alizunguka hivi hivi!"

Medadi hakuwatazama. Alimsaidia mama kutoka nyuma, na mama akapita moja kwa moja hadi kwa mwuza ulanzi.

"Umeumia, baba?"

"Sijaumia, Mama, lakini huyu mtoto wako..."

"Bado si mtoto wangu," mama akasema.

Kisha akamgeukia Medadi, ambaye uso ulikuwa unamvuja jasho katika baridi ile.

"Mama, nisamehe. Breki hizi zinataka moto kwanza. Jana zilishika vizuri sana, Mama, kila mtu aliona."

"Jana alikuwa anavuka nani?"

"Hakuvuka mtu. Zilikuwa koni."

"Na leo?"

Medadi akainamisha kichwa. "Leo ni mtu."

"Na sasa, baada ya kukanyaga kote huko, zimeamka?"

"Huenda sasa zitashika, Mama."

Mama akalitazama gari, akamtazama mwuza ulanzi anayejikung'uta vumbi. Hakukasirika. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo: "Basi breki yako ya uwanjani huamka gari limeshapita."

Akanishika mkono. Tukaenda kliniki kwa miguu.

Waliokuwapo waliyabeba yale maneno. Kufika jioni yalikuwa sokoni, na kila aliyechelewa kufanya jambo lake aliambiwa hivyo. Medadi naye aliyasikia kila alikopanda ngazi yake. Mshenga alipokuja kuuliza jibu la posa, mama alimwambia, "Macho yangu bado yanatibiwa." Sekunda alilia chumbani, na mimi nililia naye.

Medadi alirudi kwa Kizito. Hakutoa maelezo, alinyoosha kidole tu kwenye zile pedi za katikati. Akaenda nazo kazini, na mwezi uliofuata akaenda nazo uwanjani. Mizunguko ya mwanzo alikuwa mbele. Wa mwisho breki zikaanza kuchoka, kama Kizito alivyosema. Medadi akapunguza mwendo mapema kabla ya kila kona, na wengine watatu wakamaliza kwa muda mfupi kuliko wake. Marafiki zake walimzomea. "Bingwa kawa padri!" Alicheka nao kidogo, akafunga ngazi yake juu ya paa, akarudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi alikuwa amesimama langoni kwetu. Hakuna aliyemwita. Ilikuwa siku ya kliniki ya mama.

"Kamwene, Mama," akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Jana umeshinda?"

"Nimeshindwa, Mama."

"Kwa nini?"

"Breki zilichoka. Nimeweka ambazo haziwezi mbio nyingi."

Mama akamaliza uji wake. Alikunywa polepole kuliko siku zote, nadhani kwa makusudi, na baridi ikafanya kazi yake juu ya gari. Kisha akajikunja kiti cha nyuma, nami nikakaa mbele. Tukateremka. Kwenye ile kona ya chini barabara ilikuwa tupu, hakuna baiskeli, hakuna hata kuku.

"Simama!" mama akapaza sauti.

Gari likasimama pale pale. Kitambaa cha mama kikamteleza hadi kwenye paji la uso. Hakukirekebisha.

Medadi hakugeuka nyuma. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani. Mama akasema, "Mwambie mshenga wako aje. Sasa twende, nitachelewa foleni."

Bibi Veneranda akavuta tena blanketi lake. Tito akauliza, "Kwa hiyo Mjomba Onesmo hakupendi?"

"Ananipenda. Yale machozi yalikuwa ya kweli, msimdharau. Hata zile pedi za mashindano hazikuwa mbovu. Lakini upendo wake unasubiri moto: nyumba ijae watu, jogoo awepo, azungumze mbele za wengi. Siku niliyokuwa natafuta mtu wa kunishika mkono mpaka kwenye mlango wa hospitali, hapakuwa na wa kupiga makofi."

Debora alikuwa ameelewa. Alisema kwa sauti ndogo, ili mama aliye jikoni asisikie:

"Breki ya uwanjani huamka gari limeshapita."