Kiboko Aliyetaka Kuitwa Bosi

Paukwa!

Pakawa!

Hapana, hiyo ni sauti ya watu walioshiba. Paukwa!

PAKAWA!

Palikuwa na bwawa.

Lijae!

Na mwenye kiu?

Anywe!

Na mwenye kuongopa?

Asimulie!

Haya, ruhusa mmenipa wenyewe.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana barabara ya lami ilikuwa imeshaanza kuchimbwa, kiangazi kiliingia na kikagoma kutoka. Jua liliwaka waaa! Mito ikakauka, visima vikakauka, hata mate yakakauka. Likabaki bwawa moja tu, bwawa la Kichangare, na ndani yake alilala Kiboko.

Kiboko huyu zamani hakuwa na shida na mtu. Ila siku moja alipita karibu na kambi ya watengeneza barabara, akaona watu ishirini wanachimba na mtu mmoja amelala kivulini. Kila aliyepita alimwinamia yule aliyelala, akasema, "Ndiyo, bosi." Kiboko akalionja lile neno mdomoni. Bosi. Bosi. Akaliona tamu. Akarudi nalo bwawani, na tangu hapo kila aliyefika na kiu yake alikutana na maswali.

"Nani mwenye bwawa?"

"Wewe, Bosi."

"Nani mwenye maji?"

"Wewe, Bosi."

"Basi nenda kalambe umande!" Chubwi! Anazama.

Swala akaja, akaambiwa akalambe umande. Pundamilia akaja, akaambiwa akalambe umande. Kobe naye akaja, lakini alifika siku ya tatu, na umande wenyewe ulikuwa umeshakwisha.

Sasa, kwenye mawe yaliyo juu ya ile kambi aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi: mdogo, mnene kidogo, hana hata mkia wa kujivunia. Alikuwa na watoto watatu. Wawili walikuwa bado wanalia, na kilio chao kilimpa moyo. Wa tatu, kitinda mimba, alikuwa ameacha kulia tangu alfajiri. Amelala tu, ulimi nje. Bi Pimbi akamgusa pua. Kavu kama jiwe. Akajua kuwa huyu hafiki kesho.

Akambeba mgongoni, wale wawili wakamfuata, tiki tiki tiki, mpaka bwawani.

"Nani mwenye bwawa?" Kiboko akaunguruma.

"Wewe, Bosi."

"Nani mwenye maji?"

"Wewe, Bosi. Lakini mtoto wangu..."

"Kalambe umande!"

Chubwi! Maji yakaruka, tone moja likamwangukia Bi Pimbi puani. Tone moja tu. Alitamani kulia, lakini machozi nayo ni maji, akayazuia. Akasubiri Kiboko aibuke, halafu akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyefika msibani.

"Pole sana, Bosi," akasema.

"Pole ya nini, wewe kipande cha mnyama?"

"Ya jina. Umelivaa bila kuambiwa maana yake. Mimi naishi juu ya kambi, Mheshimiwa. Lile neno nimelisikia mchana kutwa, miaka miwili."

"Maana yake ni anayechukua vyote," Kiboko akasema, lakini sikio lake moja lilishasimama.

"Hiyo ni maana ya watoto. Neno la Kiingereza lile, halikuokotwa njiani. Na Waingereza wenyewe walilipata kwa Waholanzi. Kwa Waholanzi lilikuwa fundi mkuu, anayejua kazi kuliko wote. Likafika kwa Waingereza, likawa anayewatuma wanaojua kazi. Likafika huku kwetu, likapanda cheo kabisa."

"Likawa nani?"

"Mgeni rasmi."

Sikio la pili likasimama.

"Bwawa hili limezinduliwa, Bosi?"

"Kuzinduliwa ndiyo nini?"

"Aaa!" Bi Pimbi akajishika kifua. "Unaogelea kwenye mradi ambao haujazinduliwa? Kambini walichimba kisima, kikakaa miezi mitatu kimejaa maji, hakuna aliyeruhusiwa kukigusa mpaka bosi aje kukata utepe. Alikuja na vumbi la safari, akapigiwa makofi, akasomewa risala. Bosi asiye na risala ni mtu mnene tu."

Kiboko akatazama huku na huku, asije akawa amesikiwa na mtu.

"Nizindulie leo," akanong'ona. "Leo hii."

"Lakini mgeni rasmi hutoka mbali. Nani aliona mgeni akakaribishwa akiwa tayari sebuleni? Toka, nenda mpaka ule mgunga kule ng'ambo, usubiri kuitwa. Na usiwahi! Anayewahi ni mpishi."

Kiboko akatoka. Shwaaa! Maji yakashuka kipimo cha goti zima. Akaenda, dugu, dugu, dugu, mpaka kwenye mgunga, ambao kivuli chake kilitosha kichwa tu.

Alipofika mbali, Bi Pimbi akapiga mluzi. Wanyama wakamiminika. Yeye akamshusha kitinda mimba ukingoni, akamchovya midomo. Kimya. Akamchovya tena. Mtoto akalamba. Akalamba tena. Halafu gu, gu, gu, gu! Akainua kichwa, akalia kwa sauti kubwa mno, na mama yake akasema hajapata kusikia kitu kizuri kama hicho.

Kutoka kule mgungani sauti ikaja: "Bado?"

"Bado, Mheshimiwa! Tunapanga viti!"

Wakanywa swala.

"Bado?"

"Bado! Kamati inakutana!"

Wakanywa pundamilia. Ila bado walikuwepo wengi: ngiri na watoto wake, tumbili, kanga, digidigi, na Kiboko alishaanza kurudi. Bi Pimbi akazungushia ukingo wa bwawa mmea mmoja mbichi wa kutambaa, ndio utepe, akamkalisha Kiboko juu ya jiwe jeupe, mgongo kwa maji, makofi pa! pa! pa!

"Msoma risala!" akaita. "Ndugu Kobe!"

Kobe akaja. Yaani alianza kuja. Alipofika, akakohoa, akakohoa tena.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akasoma. "Wengine hapa husema... itifaki imezingatiwa... wakaendelea. Mimi... sipendi njia ya mkato. Nitawataja waliohudhuria... mmoja... mmoja."

Akaanza na siafu.

Nyuma ya mgongo wa mgeni rasmi, ngiri wakavuka utepe, wakanywa. Gu, gu, gu. Tumbili wakavuka, wakanywa. Gu, gu, gu.

"Nasikia kitu," Kiboko akasema.

"Wananchi wanameza mate kwa furaha, Mheshimiwa."

Jua likapanda. Ngozi ya kiboko si ya jukwaani. Ilikaza, ikavutika, ikatoa jasho jekundu, ikaanza kupasuka mabegani. Kobe alikuwa amefikia vipepeo. Bi Pimbi akamtazama Kiboko na roho ikamuuma, maana alikuwa ameshamwona mmoja leo mwenye ulimi nje, na hakupenda kumwona wa pili.

"Bi Pimbi," Kiboko akanong'ona. "Bosi anaweza kumkatiza msoma risala?"

"Hawezi, mzee wangu. Ni aibu."

"Anaweza kuingia majini kidogo tu?"

"Kabla ya kukata utepe? Hawezi."

"Na nani anaweza?"

"Wote wasio bosi. Unawaona? Kila mmoja anaingia anavyotaka, anatoka anavyotaka, na hakuna anayemsomea kitu."

Kiboko akageuka, akawaona. Alidhani angekasirika, lakini ngozi inapowaka hasira haina pa kukaa.

"Mimi si bosi!" akapiga kelele. "Ni Kiboko! Baba yangu Kiboko, babu yangu Kiboko! Nipisheni!"

Dugudugudugudugu! CHUBWIII! Utepe ukakatika wenyewe. Wimbi likawalowesha wote, na yeye akabaki macho tu juu ya maji, akitweta. Baada ya muda kitinda mimba wa Bi Pimbi akamsogelea, akanywa karibu kabisa na pua yake. Kiboko akamtazama, akasogea kidogo kumpisha.

Wanyama wakarudi makwao wakiwa wameshiba maji. Waliporudi kesho yake kunywa, walimkuta Kobe palepale mbele ya jiwe tupu, ameingia ukurasa wa pili.

Na fundisho la hadithi hii ni hili, mlishike vizuri: ukialikwa kuwa mgeni rasmi usikatae, na risala ikisomwa tulia mpaka mwisho, kwani hakuna aliyewahi kupata hasara kwa kukaa juani akisifiwa.

Hadithi yangu nimeiteka kwa ndoo, nimewamiminia. Aliyelowa, acheke. Aliyebaki mkavu, akamsikilize Kobe.