Sinia la Bwana Shekue

Tulieni, wajukuu zangu, niwape ya Bi Mize na tajiri mwenye tumbo.

Bwana Shekue alikuwa hapiti mlangoni ila kwa ubavu. Akamwita mpishi wake, Bi Mize.

"Joho langu la harusi halifungi. Nikondeshe, ama uhame kwenye chumba changu unachokaa. Na sinia langu la pilau lisipungue."

"Halipungui, bwana. Nitakuongezea na mchicha na maharage. Ila ukale barazani, upate upepo."

"Upepo ndio dawa?"

"Wewe kula tu."

Siku ya harusi joho likafunga, tena likabaki na nafasi ya paka. Bwana Shekue akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Bi Mize, chumba ni chako maisha. Lakini upepo gani ule?"

"Upepo hauna lolote, bwana. Pale barazani, kila apitaye ulimwambiaje?"

"Karibu tule. Ningefanyaje, wakwe wanione bahili?"

"Nao walikula nini?"

"Pilau na nyama yote. Mimi wakaniachia mchicha na maharage, walafi wale."

"Basi hao ndio dawa. Na wameshaniuliza kesho napika nini."