Watatu Waliomfundisha Tusekile Kupanda Reli

Sogeeni mnisikilize, kisha mnisaidie, maana jambo hili limewashinda wenyewe.

Huko Makete, ambako asubuhi za Juni umande huganda kwenye majani, walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Obadia Tweve, fundi wa kuchomelea mageti, alijaliwa mikono; chuma kilimtii. Kissa, aliyezunguka miaka mingi na kikundi cha sarakasi, alijaliwa mwili. Alijua kuanguka bila kuumia. Bi Edina, muuguzi mstaafu aliyewahi kufanya kazi Norwei, alijaliwa jicho. Akikutazama ukitembea, anakwambia mguu upi unauonea.

Bi Edina alirudi na jozi ya skii, zile mbao nyembamba ambazo watu wa nchi za baridi hujifunga miguuni wakateleza juu ya theluji. Binti wa jirani yake, Tusekile, wa miaka kumi na sita, aliziona, akaziomba, akapewa. Theluji ya kutelezea hakuna, basi akatandika turubai kwenye mteremko nyuma ya nyumba yao, akalimwagia maji ya sabuni, akateleza. Baadaye akaona kwenye simu vijana wakiruka na skii zao juu ya bomba la chuma, wakalipita kiubavu mwanzo hadi mwisho, wakatua. Wenyewe huliita reli. Tangu siku hiyo hakutaka mchezo mwingine.

Jaribio la kwanza alilifanya kwa bomba la maji alilolilaza juu ya mawe. Bomba likabingirika, mkono ukavunjika, akafungwa hogo la plasta wiki sita. Mama yake akasema kwa upole, jambo lililomtisha Tusekile kuliko kelele, "Ukivunjika tena, hizo mbao nazitia jikoni."

Obadia alipopata habari, alikuja kuliangalia bomba lile. "Mama Tusekile, kosa si la mtoto," akasema. "Kitu hakikufungwa." Akaunda kwanza sanduku pana la mbao la kujifunzia kuteleza, akalivika plastiki juu. Tusekile alipolizoea, akaunda jingine jembamba. Mwisho akachomelea reli yenyewe, akazamisha nguzo zake kwenye zege, akaipiga msasa siku mbili nzima. Bila Obadia, pasingekuwa na kitu cha kupanda.

Reli ikawa tayari, Tusekile akashindwa. Alisimama juu ya mteremko, mkono uliopona ameukumbatia, miguu haiendi. Kissa akapanda hadi pale alipo.

"Leo hupandi reli," akamwambia. "Leo unaanguka tu."

Wakajaza magunia majani makavu ya misonobari, na kwa wiki nzima Tusekile akawa anaanguka: kwa bega, kwa nyonga, kwa kubingirika, mikono ndani. Siku ya sita alianguka akicheka. Bila Kissa, angekuwa amesimama kule juu hadi leo.

Sasa akawa anapanda, lakini kila mara akifika katikati anadondoka. Wiki tatu. Bi Edina akaleta kigoda, akakaa siku mbili akimtazama. Ya tatu akamwita.

"Unatazama miguu yako, mwanangu. Miguu inajua iko wapi. Wewe tazama mwisho wa reli. Na usiegemee nyuma, huko ndiko woga unakokuvuta."

Tusekile akashuka, akaruka, akakaa juu ya chuma, magoti yamekunjwa, macho mbele. Akaipita yote, akatua wima. Mama yake, aliyekuwa akianika nguo, aliketi chini na shati bichi mapajani. Bila Bi Edina, angekuwa bado anadondoka katikati.

Picha za video zikatumwa kwenye kambi ya theluji katika milima ya Lesotho, na jibu likarudi: Tusekile anaalikwa wiki tatu, yeye na mwalimu mmoja. Fomu ina mstari mmoja tu wa jina la mwalimu.

"Nikiziona reli zao zilivyoungwa," akasema Obadia, "nitawatengenezea watoto wote wa hapa."

"Theluji ni ngeni kwake," akasema Kissa. "Woga utarudi. Atakuwa na nani siku hiyo?"

Bi Edina akajisugua goti. "Miongoni mwetu ni mimi ninayeijua theluji. Na goti langu hili halinipi mwaka mwingine."

Hakuna aliyemsema mwenzake vibaya, na hilo ndilo lililomliza Tusekile. Mama amekataa kuamua. Fomu inatakiwa kesho, kalamu anayo binti, na anawapenda wote watatu.

Haya, nyinyi mliosikia yote. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili wanaobaki, ungewaambia nini?