Zumari Isiyokata Pumzi

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa kiu, pakawa na zumari.
Basi sogeeni, kuni bado zipo.

Hapo kale, katika kijiji cha Mwambakuu, aliishi mpiga zumari jina lake Mbwarali bin Msellem. Si Mbarali, kama wengine wasemavyo, ni Mbwarali. Mkewe aliitwa Mwanamize binti Kombo.

Mwambakuu ilikuwa na chemchemi moja, ndani ya pango, na kando ya maji lililala joka. Zumari ikilia, joka husinzia. Zumari ikinyamaza, joka huamka. Zumari mbili zikipokezana, joka huamka na hasira. Kwa hiyo kila siku alipiga mtu mmoja, kwa pumzi moja, na mwanamke mmoja akashuka, akateka, akapanda.

Wapigaji walikuwa na desturi yao. Kabla ya kupiga walifunga mashavu kwa kitambaa, wakakaza, ili pumzi isipotee mashavuni. Ndivyo walivyofunzwa, nao wakafunza vivyo hivyo.

Mwaka wa kwanza wa ukame, maji yalikuwa hatua kumi kutoka mlangoni pa pango. Mwaka wa pili, hatua ishirini. Mwaka wa tatu, hatua thelathini, na pumzi ikawa inaisha mwanamke akiwa na kisigino kimoja bado ndani.

Siku moja Mwanamize akamwambia mumewe, "Leo joka limerarua kanga ya shoga yangu. Maji yamerudi nyuma tena. Na kesho ni zamu yangu ya kushuka, na zamu yako ya kupiga."

"Nitapiga zaidi."

"Kwa pumzi ipi, Mbwarali?"

Mbwarali akaenda kwa Feruzi, fundi aliyemfunza.

"Fundi, yawezekana kupiga bila kukata, na huku unavuta pumzi?"

"Yawezekana kunywa uji na kuupuliza kwa wakati mmoja? Nenda kamuage mkeo vizuri."

Mbwarali akaenda kwenye bwawa lililokauka likabaki tope, akafunga mashavu, akapiga. Pumzi ikakata. Akapiga tena, ikakata. Akapiga mara ya tatu, macho yakaingia giza, ikakata.

Hapo akasikia Chura akiimba topeni. Akangoja akate. Akangoja. Akangoja. Chura hakukata. Mashavu yalijaa na kunywea, na pua zilikuwa zikifunguka na kufungika.

"Ewe Chura, huvuti pumzi?"

"Navuta."

"Lini?"

"Hapo hapo."

"Nani kakufunza?"

"Hakuna. Nilimwona shangazi yangu akifanya. Kabla ya siku ile nami nilikuwa nakatakata kama wewe. Na hayo mashavu mbona umeyafunga, unaumwa jino?"

Kesho yake Mbwarali akasimama mlangoni pa pango, mashavu wazi. Watu wakanung'unika.

Feruzi akasema, "Funga mashavu, utamuua mke wa watu."

"Ni mke wangu, Fundi."

Akapiga. Mwanamize akashuka. Hatua kumi. Hatua ishirini. Hatua thelathini, na pumzi ikafika mwisho. Mbwarali akajaza mashavu, akavuta kwa pua. Sauti ikayumba, ikawa nyembamba kama uzi. Ndani, magamba yakakwaruza mawe. Mwanamize akasimama, mguu mmoja juu. Mbwarali akakamua hewa ya mashavuni iingie zumarini, huku akivuta tena kwa pua, na sauti ikajaa.

Joka likatulia. Hatua arobaini. Mtungi ukazama, ukajaa, ukapanda.

Mwanamize alipotoka, Mbwarali hakuacha kupiga. Alipiga tu, jasho linamtoka, macho kayafumba, hata mkewe akamshika mkono na kumwambia, "Nimekwisha toka, baba. Nyamaza sasa."

Feruzi alijaribu siku ya kwanza, akashindwa. Akajaribu ya pili, akashindwa. Ya tatu akaweza, naye ana miaka sitini. Kabla ya mwezi kuandama, wapigaji wote saba wa Mwambakuu waliweza. Mbwarali hakumfunza hata mmoja. Walikuwa wamesimama tu pale pangoni, wakasikia. Na wanawake wakawa wanashuka watatu watatu, bila kukimbia.

Ngano yangu imefika mlangoni, nami naiachia itoke. Mafunzo yake ni haya: mtu hukoma pale alipowaona wenzake wamekoma, akimwona mmoja amepita, naye hupita.

Mimi nami nilijaribu. Sauti sikuipata, nikapata mashavu haya mnayoyacheka.