Nitakusemea

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja mfinyanzi. Bondeni kwao wanawake walichimba udongo wa vyungu tangu enzi za bibi zao, mpaka kampuni moja ikaja na seng'enge ikasema bonde limeuzwa. Limeuzwa na nani? Mama hakujua. Akawaita wenzake, wakakaa chini mbele ya tingatinga.

Habari zikavuka bahari. Akaja binti wa Kizungu, mwenye moyo, tusimwonee, tena aliyejifunza Kiswahili kwa bidii. Akaketi vumbini pamoja nao. "Tuko pamoja, mama," akasema, na mama akampenda kweli.

Polisi wakaja. Mama akala rungu la bega. Binti je? Akashikwa mkono taratibu, kama bibi harusi! Wote wakaishia mahabusu, na punde mkuu wa kituo akafungua mlango. "Madam, samahani, hatukuelewana tu. Wewe nenda. Hawa tutawafundisha adabu."

Mama alijua adabu hiyo hufundishwaje pasipo na shahidi. Binti akasimama, machozi yanamtoka, akasema, "Usiogope, mama. Waandishi wako nje. Nitakusemea!"

Lo! Wanawake wakaguna. Kwetu nani asiyelijua neno hilo? Mtoto akimwambia mwenzake nitakusemea, anakwenda kumchongea kwa baba yake.

"Unisemee kwa nani?" mama akang'aka. "Kwani nimekosa nini? Mdomo ninao, mwanangu, hata rungu halikuuziba. Nisichokuwa nacho ni ngozi yako. Ukiwa humu, hawatugusi. Ukitoka, tumekwisha. Si ulisema tuko pamoja? Basi kaa!"

Binti akautazama mlango ulio wazi. Akalitazama bega la mama lililovimba. Akaketi.

Mkuu wa kituo akabembeleza, akafoka, akapiga simu huku na huko. Mwisho akapiga kelele, "Tokeni wote! Wote, nimesema!" Mama akatoka, na kulipokucha alikuwa mbele ya tingatinga tena, bega limefungwa kanga.

Mnamcheka Mzungu, ee? Chekeni. Sasa niambieni, sisi tuna tofauti gani naye? Wewe mwenye shemeji mkubwa wilayani, wewe ambaye askari akikuona anasema "pita, mzee," siku dada wa kazi nyumbani kwako alipokamatwa sokoni bila kosa, ulifanya nini? Ulifika kituoni, ukaamkiwa vizuri, ukamchungulia, ukamwambia, "Nitakuombea." Kisha ukaondoka kuwahi kwaya!

Hapana, wapendwa. Tusijifiche nyuma ya sala. Mungu anamsikia dada yule bila sisi kumpelekea habari. Alichokosa usiku ule ni mtu mmoja tu anayeogopwa, akubali kukaa naye sakafuni.