Bi Mwatime na Waranti ya Friji

Bi Mwatime alikuwa muuza sharubati, na sharubati yake ilikuwa ikichacha kila mchana. Alipokwisha kulipia friji dukani kwa tajiri Mselemu, akaambiwa halitoki bila kulipia na waranti ya miaka miwili ya nyongeza.

"Ya nini, baba?" akauliza, kiganja nyuma ya sikio. "Sema kwa sauti, masikio haya yamezeeka."

"Friji likiharibika!" tajiri akapaza sauti.

"Kwani huharibika?"

"Sana tu! Mota inaungua! Gesi inavuja!"

Ulikuwa msimu wa harusi na duka lilijaa. Bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa akipapasa friji kama lile lile akaondoa mkono. Mama yake akafunga pochi.

Tajiri akainama na kunong'ona, "Mama, mafriji yangu ni mazima, hayana shida."

"Sisikii, baba! Umesema gesi inavuja, na nini tena?"

"Yote yanavuja?" akauliza shangazi wa bibi harusi. "Twendeni duka la pili."

"Chukua waranti bure!" tajiri akapiga kelele. "Chukua na friji lako, uende!"

Maneno hayo ikabidi ayarudie mara tatu, ndipo friji likapandishwa kwenye mkokoteni.

Bi Mwatime alipokwisha kuvuka barabara, tajiri akajinong'onea mlangoni, "Nenda, kiziwi wee, usirudi tena."

Kule ng'ambo, katikati ya honi za bodaboda, Bi Mwatime akageuka.

"Nitarudi, baba," akamwitikia. "Bado sijanunua feni."